Kiswahili Chako, Aabo, na Shahada Yangu

Aabo, baba yangu mpendwa,

Amani ya Mungu iwe juu yako huko uliko. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu lugha yetu ya Kisomali bado haina herufi tunazokubaliana, Kiingereza hukukijua, na Kiarabu changu kinaishia kwenye kusoma Kurani. Isitoshe, wewe na mimi tulizungumza Kiswahili tangu nilipokuwa mdogo. Nyumbani kila mtu alisema Kisomali. Hooyo, mama yangu, hakujua neno la Kiswahili zaidi ya "chai" na "haraka". Lakini mimi ulikuwa ukiniita kando na kuniambia mambo kwa lugha ya ofisi, ili nikikua nisisimame mbele ya serikali kama bubu.

Ni mwaka wa pili sasa tangu tukuzike hapa Garissa, na kuna jambo moja bado sijalielewa. Nimelipindua huku na huku na kila nikilishika linaniponyoka. Labda nikilisimulia tangu mwanzo nitaliona vizuri.

Unakikumbuka kile kitabu kidogo? Kilikuja na lori la posta kutoka Nairobi, nami nilikuwa nimemaliza shule kule pwani, tulikokatazwa kusema lugha yoyote ila Kiingereza, na kurudi nyumbani kungoja. Ulikitoa ofisini mwenyewe ukakileta mchana, koti la kaki ulilopewa na serikali likiwa begani kwa sababu ya joto. Kilikuwa na kurasa kama ishirini, na juu yake kimeandikwa kwa Kiingereza: masharti ya kupata shahada ya kwanza. Tulikaa mkekani mimi na wewe. Mimi nilitoa Kiingereza nikakiweka katika Kiswahili, wewe ukatoa Kiswahili ukakiweka katika Kisomali kwa ajili ya Hooyo aliyekuwa akichuja chai. Ulikuwa mkalimani wa serikali kwa zaidi ya miaka ishirini. Ulikuwa umewakalimania wenye ng'ombe, wenye visima, wanaodaiana fidia ya damu, hata askari waliopita hapa wakati wa vita vya Mtaliano. Sikuwahi kukuona ukikwama. Siku hiyo ulikwama kwenye neno la kwanza.

"Shahada mimi iko nayo tangu tumboni ya mama," ulisema. "Kila Mwislamu iko nayo. Hii ingine iko ya nini?"

Nikajaribu kukueleza kwamba hii ni karatasi ya kushuhudia kuwa mtu amesoma. Ukauliza, kama mtu wa kortini, ni nani anayeshuhudia, na alimwona wapi huyo mtu akisoma. Nikasema ni chuo kikuu cha Ulaya. Chuo nilichoitwa mimi kilikuwa Afrika, safari ya siku tano kutoka kwetu, lakini karatasi ingetoka Ulaya. Ukaniuliza itakuwaje shahidi awe Ulaya na kesi iwe Afrika. Nilikuwa kijana, nikadhani jibu nitalipata huko mbele.

Tukaendelea sharti kwa sharti. La kwanza lilikuwa umri, mtu asiwe chini ya miaka kumi na saba, na aonyeshe tarehe ya kuzaliwa. Wewe na Hooyo mkabishana. Yeye alisema nilizaliwa mwaka wa sotoka, ng'ombe walipokufa kutoka hapa mpaka Wajir. Wewe ulisema ni mwaka uliofuata, kwa sababu ngamia wa kunilea kwa maziwa ulimnunua baada ya sotoka. Mwishowe karani wa ofisi aliandika tarehe mosi Januari, kama alivyowaandikia watu wote. Uliporudi nyumbani na ile karatasi uliniambia kwa mshangao wa kweli kwamba hata wewe ulizaliwa siku hiyo, na mkuu wetu wa eneo pia.

Sharti la pili lilikuwa cheti cha tabia njema kutoka kwa mkubwa wa wilaya. Mkuu wa eneo akaitwa anitolee ushahidi mbele ya Bwana DC, na mkalimani ukawa ni wewe. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mzee yule alisema kwa Kisomali maneno mazuri mengi mno. Alisema wakati wa ukame nilichota maji kwa ajili ya ngamia wa wajane, kwamba sijawahi kuinua sauti mbele ya mkubwa, kwamba ukoo mzima ungekuwa tayari kuapa kwa ajili yangu. Alisema kwa muda wa kunywa kikombe kizima cha chai. Wewe ukamgeukia Bwana DC ukasema, "Anasema huyu kijana si mbaya."

Nilikasirika, Aabo. Baadaye nikakuuliza kwa nini ulinipunguza. Ukasema baba hawezi kumsifu mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe, hata kama maneno ni ya mtu mwingine. Mpaka leo sijui kama ulifanya vizuri au vibaya. Cheti nilipata.

La tatu lilikuwa kufaulu mtihani wa katikati kabla ya kuruhusiwa kuingia kwenye masomo ya shahada yenyewe. Hilo ulilielewa upesi, ukasema ni kama pasi mbili, moja ya kutoka Garissa na nyingine ya kuingia Nairobi. La nne ndilo lililokuchekesha: mwanafunzi alale ndani ya chuo mihula tisa kamili, na akikosa zaidi ya siku kadhaa muhula wake hauhesabiwi. Ulinifanya nilisome mara tatu. Ulidhani nimekosea tafsiri. Ulishindwa kuelewa mtu anajifunza nini akiwa amelala.

Tukafika sharti la tano. Mwanafunzi afaulu, kwa kuandika na kwa kusema, lugha moja zaidi ya Kiingereza, kutoka orodha iliyowekwa. Orodha ilikuwa na Kilatini, Kifaransa, Kiarabu cha vitabuni na Kiswahili. Kisomali hakikuwemo. Uliposikia "Kiswahili" ulipiga paja.

"Hii tayari," ulisema. "Hii mimi nilikufundisha bure."

Nilikiona kiburi chako siku hiyo, na kilinipendeza. Ukamweleza Hooyo kwamba katika masharti yote ya Wazungu, moja lilikuwa limeshatimizwa hapahapa mkekani.

Nikaenda. Miaka miwili ya kwanza sina la kulalamikia. Mtihani wa katikati nilipita, usiku wa chuo nikaulala kama walivyotaka, nikasoma historia na jiografia ya nchi ambazo sitazikanyaga. Barua zako ziliandikwa na karani wa dukani, neno kwa neno ulivyosema: "Salamu mingi. Mama yako iko mzima. Ng'ombe ingine imekufa lakini si mingi." Nilizisoma nikikusikia.

Kisha ukaja mtihani wa lugha. Niliingia bila wasiwasi. Nilikuwa nimewaona wenzangu wakihangaika na Kilatini, nikawahurumia. Majuma matatu baadaye karatasi yangu ikarudi ikiwa na mistari myekundu kila mahali. Niliandika "kitabu yangu", ikapigwa mstari. Niliandika "watu ingine", "barua mingi", "nyumba kubwa yao ilianguka yote", zote zikapigwa mstari. Kwenye mtihani wa kusema, mzee mmoja wa Kizungu aliyekaa pwani miaka mingi alinitaka nisimulie safari yangu. Nikamwambia nilibanda lori mbaka Nairobi, kwa 'b' mahali pa 'p', kama tunavyosema kwetu. Akaniomba nirudie. Nikarudia vilevile. Akaniuliza kwa upole Kiswahili nilijifunzia wapi. Nikasema, kwa baba yangu, mkalimani wa serikali. Akaandika kitu, wala hakuniuliza zaidi.

Nilianguka. Mkuu wa masomo aliniambia nina nafasi moja tu ya kurudia, baada ya mwaka. Nikianguka tena, hata nikiwa wa kwanza katika masomo mengine yote, shahada hakuna.

Nilikuja nyumbani likizo ile nikiwa na uchungu ambao sikujua niuweke wapi. Ulinipokea vizuri. Ulichinja mbuzi. Siku ya tatu, baada ya sala ya adhuhuri, ukaniuliza ni masharti mangapi yamebaki. Ningeweza kusema mawili. Ningeweza kusema mambo yanakwenda, Mungu akipenda. Badala yake nilisema, "Ni Kiswahili, Aabo. Niliandika kama unavyosema wewe, wakaniangusha."

Ulishika ndevu zako, ukaangalia upande wa ofisi, ambako bendera ilikuwa imelala kwa kukosa upepo. Halafu ukaniuliza swali ambalo nimelibeba tangu siku ile.

"Sasa ile watu yote mimi nasemea kortini miaka hii yote," ulisema, "maneno yao ilifika?"

Nikasema ilifika, bila shaka ilifika, mtihani ni mtihani tu na korti ni korti. Lakini nilisema upesi mno, nawe ulikuwa mtu wa kusikiliza watu wakijibu. Ulijua jibu la mtu asiye na hakika linavyotoka. Uliinuka ukarudi kazini kabla ya saa.

Niliporudi chuoni, nilijifungia na vitabu vya sarufi. Kwa miezi miwili hukuandika. Kisha barua zikaanza tena, nami nikadhani umebadilisha karani. Ziliandikwa hivi: "Salamu nyingi. Mama yako ni mzima. Ng'ombe wengine wamekufa lakini si wengi." Sikusikia sauti yako hata kidogo, nikafikiri karani mpya anakurekebisha. Halafu ikaja moja inayosema: "Katika barua yako umeandika 'sharti ya mwisho'. Andika 'sharti la mwisho'. Yakiwa mengi, ndiyo 'masharti ya mwisho'. Uliza mwalimu wako kama naongopa."

Nilikasirika tena. Sijui kwa nini nilikasirika. Nadhani nilitaka uendelee kuwa wewe, nami niende nikabadilike peke yangu.

Habari kamili niliipata kwa Mwalimu Athmani, yule mtu wa Lamu aliyekuwa akifundisha shule ya hapa Garissa. Aliniandikia kuniombea kheri katika mtihani, na katikati ya barua akataja, kama jambo ambalo nimeshalijua, kwamba unakaa vizuri darasani. Ilinibidi nisome mara mbili. Kumbe kila siku ofisi ilipofungwa mchana, mzee wa umri wako, mwenye koti la serikali, ulikuwa unaingia darasa la tatu na kukaa benchi la nyuma. Alisema mwanzoni watoto walicheka, wakaacha walipoona wewe mwenyewe huchukii. Alisema ulikuwa unauliza maswali kuliko darasa zima. Ulitaka kujua kwa nini mti ni "huu" na miti ni "hii", na ni nani aliyeamua.

Mimi nilifaulu mara ya pili. Nilikumbuka "sharti la" kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wa mtihani, na nakuapia, Aabo, nililiandika kama ulivyoniagiza.

Muhula wa tisa ukaisha. Nikafanya mitihani ya mwisho, nikarudi nyumbani kungoja majibu. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, saa ambayo hata siku moja hukuwahi kuwa nyumbani. Nikakukuta umekaa kizingitini umevaa kikoi. Koti la kaki halikuwepo msumarini. Hooyo alinitazama, nikajua nisiulize mbele ya watu.

Ulinieleza mwenyewe baadaye, bila kupamba. Kulikuwa na kesi ya mfugaji wa upande wa Liboi aliyevuka mstari wa malisho na ngamia zake bila ruhusa. Alijitetea kwamba kisima chao kilikauka. Ukayageuza maneno yake kwa Kiswahili chako kipya, ukasema vizuri, kila kitu na ngeli yake: kisima chao kilikuwa kimekauka, wanyama wao walikuwa wamedhoofu, hawakuwa na budi ila kuyafuata maji. Bwana DC mpya hakuelewa. Kiswahili chake yeye kilikuwa cha shambani na kambini, kile kilekile ulichokuwa nacho zamani. Akasema urudie. Ukarudia vilevile. Akauliza kama huyo mtu ana budi au hana, na budi ni mnyama gani. Watu wakacheka. Mfugaji akatozwa faini ya ngamia wawili.

Mambo kama hayo yalipotokea mara ya tatu na ya nne, uliambiwa kwa adabu kwamba umechoka, umetumika vizuri, upumzike. Kijana mmoja kutoka Wajir akachukua nafasi yako. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba anaelewana vizuri na Bwana DC.

Nilikuuliza kwa nini hukurudi kwenye maneno yako ya zamani. Ungeweza. Ulikuwa nayo miaka yote ile. Ukanitazama kama vile nimekuuliza kwa nini mtu asivue macho yake.

"Nikishajua kwamba ni makosa," ulisema, "nitayasemaje?"

Sikujua nikuombe msamaha au nikusifu. Mimi nilikuwa nimetimiza sharti moja la kitabu cha kurasa ishirini, na kwa ajili yake wewe ulikuwa umeachishwa kazi ya maisha yako. Au labda haikuwa kwa ajili yangu. Hapo ndipo ninapopotea kila mara.

Majibu yalikuja ukiwa mgonjwa wa kifua. Nilipokwambia nimepata, uliomba nikusomee yale masharti yote, la kwanza mpaka la mwisho, nawe ukakunja vidole kimoja kimoja. Umri, ukasema limekwisha. Tabia, limekwisha. Mtihani wa katikati, na kulala mihula tisa, ukatabasamu, limekwisha. Nikafika kwenye lugha. Ukakunja kidole cha tano, ukasema limekwisha, lakini hilo ulilisema kwa Kisomali. Tangu siku hiyo mpaka Mungu alipokuchukua, siku kumi na tisa, hukuniambia neno hata moja la Kiswahili. Mimi nilikuwa nakusemesha kwa Kiswahili kama kawaida yetu, nawe unanijibu kwa Kisomali, kwa upole, kama unavyojibu watu wote wa nyumbani.

Hilo ndilo jambo ambalo silielewi. Je, ulikuwa umenikasirikia? Au ulikuwa umechoka na lugha iliyokuchezea mwishoni mwa maisha yako? Au uliona kazi imekwisha, mtoto ameshapata alichohitaji, sasa anaweza kuwa mwana wa nyumbani kama wengine? Mara nyingine naamini hili la mwisho, nikalala vizuri. Kukicha naamini la kwanza.

Sasa mimi ni mwalimu katika shule ileile uliyokaa benchi la nyuma. Karatasi ya shahada ilikuja ndani ya bomba la bati, ina muhuri mwekundu na jina langu limekosewa herufi moja. Watu wa hapa wananipa heshima kubwa, wananiita msomi, nami nageuka kuangalia anayeitwa ni nani. Mtoto anaposimama darasani akasema "kitabu yangu", napaswa kumrekebisha. Mara nyingine namrekebisha. Mara nyingine namwacha aendelee, nikiwa sijui namfanyia wema gani.

Leo ni Ijumaa, shule imefungwa, nikakaa nje kuandika barua hii. Hooyo akaniuliza namwandikia nani. Nikamwambia ukweli. Hakushangaa. Akasema nimsomee, na kwa kuwa hajui Kiswahili ilinibidi niigeuze yote kwa Kisomali, sentensi kwa sentensi. Nilipofika kwenye lile darasa lako, alinikatiza. Alisema mimi nimefanya hadithi kuwa ya huzuni bila sababu. Alisema wewe hukuwahi kupelekwa shule hata siku moja utotoni, ulichunga tu, na kwamba miezi ile ulikuwa ukirudi mchana na vumbi la chaki kwenye mkono unacheka peke yako njia nzima, hata majirani wakadhani umeoa mke mwingine.

Nikamuuliza, na kazi? Akasema kazi uliililia siku tatu, ya nne ukala vizuri.

Nikamuuliza, na kwa nini uliacha kusema nami Kiswahili? Hapo akarekebisha ushungi wake, akasema hilo hakuwahi kukuuliza, maana hakujua kwamba ni jambo. Kwake yeye ulikuwa unasema tu.

Sijui nimwamini. Hooyo huwasamehe watu kabla hawajakosa, nawe unamjua. Lakini nimeandika alivyosema, sikupunguza wala kuongeza.

Anasimama hapa karibu yangu sasa, anataka kujua kama bado pana nafasi kwenye karatasi. Nimemwambia ipo. Anasema nikuandikie kwamba mvua imenyesha upande wa Banissa na ndugu zako wamehamia huko na mifugo yote, kwamba dada yangu mdogo amejifungua msichana na wote ni wazima, na kwamba yeye mwenyewe goti linamuuma lakini si sana. Nimemuuliza nikuandikie kwa Kiswahili au niache mpaka lugha yetu ipate herufi. Ameniambia niandike tu, kwa lolote lile, utaelewa.

Mungu akulaze pema, Aabo.

Mimi mwanao, mwanafunzi mwenzako wa Mwalimu Athmani, kupitia barua zako